Izime, Hesabu Kumi, Iwashe

Machi 3, Jumatatu

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, nami nimefungua daftari jipya kama nifanyavyo kila masika. Ni daftari la simu zilizolowa: nani kaleta, imelowea wapi, imepona au imekataa. Nafasi ikibaki huandika mengine. Kibanda changu kiko chini ya ngazi za jengo la maofisi, na watu wanaojikinga mvua hapa huongea kuliko redio.

Mteja akisema "sikufanya kitu, imejifia yenyewe", ujue amefanya. Miaka kumi na tisa ya ufundi imenifundisha kwamba vifaa haviharibiki ovyo, watu ndio wanaoviharibu. Na dawa ya kwanza ni ileile: izime, hesabu mpaka kumi, iwashe. Nusu ya wateja hupona hapo hapo, wakaondoka na aibu kidogo. Wengine nawatania mpaka wafike barabarani.

Machi 4

Simu tatu, zote zimeletwa ndani ya mchele. Mchele hauponyi simu. Nimechokoa punje saba kwenye tundu la chaji kwa sindano.

Machi 6, Alhamisi

Mama aliazima simu ya jirani akanipigia: yake imekuwa bubu tangu juzi, haipigi wala haipigiwi. Nilifunga kibanda nikaenda. Kwenye kioo, juu kabisa, kulikuwa na kialama cha ndege. Kidole kilikigusa bila yeye kujua, simu ikakata mawasiliano yote. Nikakigusa tena, yakarudi.

"Kumbe ni kandege tu," alisema akicheka. "Na mimi nimeisema vibaya siku mbili."

"Si kosa lako, mama. Simu za siku hizi zimejaa vikorokoro."

Mteja mwingine nisingemwambia hivyo. Lakini mama yangu alikuwa opereta wa simu wa shirika la reli kwa miaka ishirini na sita. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya akiwaunganisha watu, na namba za ndani mia tatu na ushee alikuwa nazo kichwani, hana haja ya kitabu. Hata leo ukimwuliza ya stesheni masta atakuambia mbili mbili moja nne kabla hujamaliza swali. Mimi aliniita Waya tangu nilipokuwa na miaka minne, siku niliyoifungua redio ya marehemu baba nikashindwa kuirudisha. Jina langu la cheti ananiita akikasirika tu.

Nimemfundisha ile dawa ya kwanza. Akaiandika kwenye kikaratasi kwa mwandiko wake wa ofisini, herufi zimesimama wima, nami nikakibandika nyuma ya simu: IKIKWAMA, IZIME. HESABU KUMI. IWASHE.

Machi 11

Printa ya wakili wa ghorofa ya pili haichapi. Haikuwa imechomekwa kwenye umeme. Nimemwambia kesi hii ameshindwa.

Machi 15, Jumamosi

Mhasibu alileta laptopu, kibodi inakataa kuandika tarakimu. Kuna kitufe kimoja cha kufungulia tarakimu, nikakibonyeza, basi. Nilimwuliza kama na nyumbani husubiri afunguliwe mlango.

Jioni nikapita kwa mama. "Waya, simu imekula majina," aliniambia. Nikaangalia. Majina yote tisini na manne yalikuwepo. Nikamweleza kwamba simu ilijisasisha yenyewe ikapanga majina upya, kwa hiyo hakuyaona mahali alipoyazoea. Jambo hilo hutokea mara chache sana. Kusema kweli sijawahi kuliona.

Nimemwekea picha kwenye ukurasa wa mwanzo, kubwa kubwa: yangu, ya dada, na ya jirani yake mshonaji. Akimtaka mtu anabonyeza uso wake. Amefurahi, akasema laiti reli wangekuwa na kitu kama hiki.

Machi 19

Dada amenipigia. Ni mkubwa wangu kwa miaka sita, ni muuguzi, na tangu utotoni huona ugonjwa kila mahali.

"Mdogo wangu, mama jana ameniuliza mara tatu kama nimekula."

"Ni mtandao. Mvua ikinyesha sauti inakatika, hakukusikia."

"Alinisikia. Kila mara alinijibu, akashukuru Mungu kwamba nimekula."

"Basi ni spika. Nitaisafisha."

"Spika," dada akasema, akakata simu.

Nimeisafisha kwa mswaki laini. Ilikuwa na uchafu kidogo, kwa hiyo sikusema uongo.

Machi 27, Alhamisi

Mama anasema simu inamfungia nje. Kuna mchoro wa kufungulia, wa nukta tano, nilimwekea mwenyewe mwaka juzi. Leo kidole chake kilizunguka juu ya nukta kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nimeuondoa. Kioo sasa kinafunguka kwa kugusa tu.

Ila jirani mshonaji ameibiwa simu wiki hii, na mwizi akaitumia laini yake kuwatapeli ndugu zake. Kwa hiyo nimeifunga laini ya mama kwa namba ya siri, tarakimu nne, ambayo huulizwa tu simu inapowashwa. Nimechagua mwaka niliozaliwa. Mama anaweza kusahau mengine yote, huo hawezi.

Aprili 2, Jumatano

Nilimjaribu. Nilimwambia aizime simu, ahesabu kumi, aiwashe. Ikauliza namba. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameufumba nusu juu ya mapaja. Akainama kidogo, akaandika tarakimu zote nne kwa kidole cha kulia bila kusita. Nikampigia dada papo hapo kumweleza. Dada akasema, "Vizuri," kwa sauti ya watu wa wodini.

Aprili 5

Mvua kutwa. Simu mbili, moja imeoza kabisa.

Aprili 9

Mama amenipigia mara nne akimtaka dada. Anabonyeza uso wangu. Labda picha zimekaribiana mno, nimezitenganisha.

Uani kwake nimekuta sufuria imeungua mpaka imetoboka. Amesema ni ya jirani. Nikiwa natoka jirani akaniita, cherehani yake ikiendelea kuzunguka.

"Fundi, jana mama alikuja kuniuliza njia ya kwenda kazini."

"Kazini wapi?"

"Kazini kwake. Kwenye simu."

Mama anapenda utani. Nilimwambia jirani hivyo, naye akarudi kuinamia kitambaa chake.

Aprili 13, Jumapili

Tumegombana. Dada alikuja kwa mama bila taarifa, amemtafutia miadi ya daktari wa mambo ya kumbukumbu, Ijumaa ijayo. Mama alikuwa jikoni. Tulikuwa sebuleni tunanong'ona, na kila neno likawa linalizidi kwa sauti lile lililotangulia.

"Umeondoa mchoro, umeweka picha, umesafisha spika," dada alisema. "Wiki ijayo utabadilisha nini? Unatengeneza simu, mgonjwa ni mama."

Nilimwambia yeye ndiye anayetaka mama awe mgonjwa, apate kumchukua na kumfungia kwake kama fanicha. Nilisema na mengine, siyaandiki. Mama akatoka na sinia, akatutazama mmoja mmoja.

"Mnanigombania mimi?"

Dada akamweleza habari ya daktari kwa upole. Mama akanigeukia. "Nitakwenda, Waya akisema niende."

Wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasema tusubiri, mvua hizi watu hawatoki, tutakwenda mvua zikiisha. Mama akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Dada alichukua mwavuli wake akaondoka bila kuaga.

Aprili 17

Mvua.

Aprili 18

Leo ndiyo ingekuwa siku ya daktari. Mvua. Sijampigia dada.

Aprili 21

Kipanya cha mwalimu kimegoma. Nimekifuta chini kwa kitambaa, kimepona. Mama amenipigia, akasikia sauti yangu, akasema samahani, amekosea namba.

Aprili 24, Alhamisi

Nitaandika kirefu, kwa sababu usiku huu mikono haina kazi nyingine.

Saa tano asubuhi nilimpigia mama kumwambia asitoke, maana mvua ilikuwa inamwagika tangu alfajiri. Sauti ikasema hapatikani. Nikafikiri chaji imekwisha. Saa sita, hapatikani. Nikafikiri mnara. Nikamkabidhi mteja laptopu yake, nikapiga tena, nikafikiri betri imevimba, nikafikiri laini imelegea, nikafikiri unyevu. Nayaandika yote niliyoyafikiri ili niyaone. Katika yote hayo sikumfikiria mama.

Saa saba nilimpigia jirani.

"Ametoka tangu asubuhi, fundi. Amevaa viatu vya visigino, na mkoba wake wa bluu. Nikadhani wewe ndiye uliyemwita."

Viatu vya visigino mama hajavaa tangu alipostaafu. Hapo ndipo nilipokumbuka alivyoniambia jirani, na nilivyomjibu. Nikakimbia. Kibanda nilikiacha wazi, simu za watu zimetandazwa mezani.

Ofisi ya zamani ya reli siku hizi ni ghala la saruji. Mlinzi alinionyesha kwa kidole hata kabla sijauliza.

"Yule mama? Yuko pale langoni tangu saa mbili. Anasema zamu yake haijafunguliwa. Nimempa kiti, kakataa, anasema opereta haketi mpaka mwenzake ampishe. Nimemwomba namba ya nyumbani, amenipa namba kama ishirini, zote za zamani."

Alikuwa amesimama wima chini ya kipaa chembamba kisichomkinga, amelowa chapachapa, mkoba begani, simu mkononi. Aliponiona uso ulimfunguka. Alinijua, hilo nitalishukuru siku zote.

"Waya. Simu yako imenishinda."

"Mama, kwa nini hukunipigia?"

"Nilitaka kukupigia. Ikakwama, labda vidole vilikuwa na maji. Nikafanya kama ulivyosema. Nikaizima. Nikahesabu kumi, tena polepole. Nikaiwasha. Ikaniuliza namba." Alinipa simu kwa mikono miwili. "Namba ninazo nyingi, mwanangu. Sikujua inataka ipi."

"Uliweka zipi?"

"Ya stesheni masta. Halafu ya karakana. Halafu ya ghala la mizigo."

Ukikosea mara tatu laini hujifunga. Ndiyo kazi yake, kumzuia mwizi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuizima, na mimi ndiye niliyeweka kufuli linalomsubiri anapoiwasha. Kila kimoja peke yake kilikuwa kizuri. Nilivikutanisha mkononi mwa mama yangu, na vikamwacha amesimama mvuani kwa muda wa saa sita.

Njia nzima alikuwa anakitazama kiganja cha mkono wa kushoto na kukipangusa kwenye gauni. Kilikuwa na madoa ya bluu. Nikadhani ni rangi ya mkoba imechuja. Nilimvua viatu, nikamkausha miguu, vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtoto aliyecheza sana majini. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akashukuru Mungu. Baada ya muda akaniuliza tena.

Aprili 25

Nimempigia dada. Nimesema, "Uliona, mimi sikutaka kuona." Amesema anakuja.

Mei 2, Ijumaa

Daktari alimpa mama karatasi achore saa. Mama akachora duara zuri sana, la mtu mwenye mkono thabiti, kisha akazipanga tarakimu zote kumi na mbili upande mmoja. Akaitazama. Alijua kuna kosa na hakujua ni lipi, akaifunika karatasi kwa kiganja kama mwanafunzi asiyetaka kuangaliziwa.

Daktari akatuuliza ilianza lini. Dada akanitazama. Nikalitoa daftari hili mfukoni nikamsomea: Machi 6, kandege. Machi 15, majina. Machi 27, nukta. Nilikuwa nimeandika maradhi ya mama yangu wiki saba kwa mkono wangu, pamoja na printa na vipanya.

"Dawa ya kumrudisha alivyokuwa hakuna," daktari alisema. "Ya kuchelewesha ipo, na mapema ni bora."

Nikamwuliza ningekuja mapema tungepata nini. Akafikiri, akasema labda miezi michache mizuri zaidi. Alisema kwa kunihurumia. Miezi michache. Mimi nilimnyima ili nisikie raha kwamba kosa ni la simu.

Mei 10, Jumamosi

Tumemhamishia kwa dada. Jirani mshonaji alimuaga kwa kumpa mto alioushona, wakalia wote wawili. Mama alikuwa anamfariji jirani.

Mimi nilibaki kufungasha. Nilikuta kikaratasi ndani ya kopo la sukari, mwandiko wa ofisini, tarakimu nne za mwaka niliozaliwa. Kingine chini ya mto. Kingine ndani ya kiatu. Kwenye droo ya meza kulikuwa na vingine kumi na kimoja, vyote vimekunjwa vizuri. Kimoja kilikuwa na maneno zaidi, nikasogea dirishani kukisoma:

"Mwaka wa Waya. Andika kiganjani kabla hajaja."

Kwa hiyo ile Aprili 2, alipofumba mkono wa kushoto akaandika bila kusita, alikuwa anainakili namba kutoka kiganjani. Na siku ya mvua aliiandika pia, akatoka nayo, mvua ikaifuta. Hakuwa anapangusa rangi ya mkoba. Alikuwa ananitafuta mimi kiganjani.

Mama alikuwa anajua tangu mwanzo. Alinificha ili nisiumie, nami nilimsaidia kuficha nikijiita fundi. Nilikaa sakafuni nikalia, sauti ikarudi kwenye kuta kwa sababu fanicha zilikuwa zimeshatoka.

Mei 14

Sikufungua.

Mei 21, Jumatano

Jua kidogo. Mzee mmoja mstaafu alileta simu yenye kioo cheusi. Mwanga ulikuwa umepunguzwa mpaka mwisho, nikauongeza. "Sikufanya kitu, fundi," aliniambia. Nilimjibu najua. Nikamwuliza anaishi na nani, nani humpikia, na kama huwa anazisahau namba. Akanitazama kama nimechanganyikiwa, akashukuru, akaenda zake. Kukaa kimya nimeshindwa.

Mei 31, Jumamosi

Daftari limebaki na ukurasa huu mmoja. Simu zilizolowa msimu huu ni arobaini na mbili, ishirini na nane zimepona.

Leo nilikwenda kwa dada. Mama alikuwa barazani, jua limempiga magotini, simu yake ya zamani ameikumbatia ingawa haina laini tena. Kile kikaratasi bado kimeganda nyuma, pembe zimechakaa. Dada ananipokea vizuri siku hizi. Hatujasameheana kwa maneno, ila aliponiwekea kiti aliniwekea karibu na mama.

"Karibu, baba," mama alisema. Ni vile anavyomkaribisha mwanamume yeyote.

"Asante, mama. Unanijua?"

Alinitazama usoni kwa bidii. Midomo ilianza kuumba kitu, ikaacha. Nikaona hofu inamjia, nikajuta kwa nini nimemwuliza. Kisha akaigeuza simu, akasoma kikaratasi polepole, kidole chini ya kila neno. Akaiweka mapajani.

Akafumba macho. Akaanza kuhesabu kwa sauti, ile sauti yake ya ubaoni, safi, kila tarakimu inasikika peke yake. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, hakusogea. Moja, mbili, tatu. Nilitamani asifike. Saba, nane. Tisa. Kumi.

Akafumbua macho, akanitazama tena, muda mrefu.

"Bado," alisema. "Samahani, baba."

"Si kosa lako, mama," nikamwambia.

Nikamshika mkono wa kushoto, akaniachia. Kiganja kilikuwa safi. Tukakaa hivyo mpaka jua likahama miguuni kwake, kisha nikamsaidia kusogeza kiti.